Mita ya Nyumba Nyingine

Mtu asiniambie kwamba sikuelewa. Nilielewa vizuri sana, ila nilielewa kitu kingine. Daktari alisema presha imepanda, mimi nikasikia presha imepanda, na hakuna mtu Ruiru nzima, kuanzia mchungaji hadi muuza njugu, asiyejua presha ni nini. Presha ni ile ya kufungwa kitambaa mkononi kikajazwa upepo. Presha ni kuacha chumvi. Presha ni watu kukuambia usifikirie sana. Ningejuaje kwamba jicho nalo lina yake?

Naitwa Ngina. Nauza mitumba sokoni Ruiru, nguo za akina mama na za watoto, na kazi yangu yote iko machoni. Beli, lile furushi kubwa la nguo, ikifunguliwa tunaivamia kama kuku waliomwagiwa mahindi, na mwenye jicho kali ndiye anayeondoka na kamera, yaani zile nguo za daraja la kwanza ambazo ukizining'iniza hazikai hadi saa nne. Anayezubaa anabaki na matambara. Mimi sikuwa wa kuzubaa. Niliweza kuona doa la chai kwenye gauni jeusi likiwa bado limekunjwa.

Halafu sukari ikaanza kunila. Jicho la kulia lilitangulia. Niliamka asubuhi nikaona kama mtu ametundika blanketi dirishani, wakasema ni damu imevuja ndani, na blanketi hilo halijatolewa hadi leo. Likabaki la kushoto. Nalo likaanza kujaa maji kwa nyuma. Mistari iliyonyooka ikawa inapinda, na nyuso za watu zikawa na kivuli katikati, mahali pa pua. Kliniki ya macho Thika wakaniambia ni sukari ileile, na tiba yake ni sindano. Nikauliza sindano ya mkono au ya makalio. Wakasema ni ya ndani ya jicho.

Sitajifanya jasiri. Siku ya kwanza nilifika Thika nikaketi kwenye ukuta mfupi ulio mbele ya kliniki, miguu ikakataa. Kang'ethe, mume wangu, akaja kukaa kando yangu upande wa kushoto. Tangu jicho la kulia lilipokufa yeye hutembea kushoto kwangu, hukaa kushoto kwangu, hata kanisani, ili nimwone. Hakunishika mkono, si mtu wa mambo hayo. Alisema tu, "Mama Eddie, ukikataa nitakuelewa. Lakini ujue mimi sijui kuchagua nguo." Nikacheka bila kupenda, nikaingia.

Wanakutia matone ya ganzi. Wanakupaka dawa ya rangi ya kahawia. Kisha wanaweka kichuma cha kuzuia kope zisifunge, na hapo ndipo woga wenyewe ulipo, kwa sababu jicho haliwezi tena kujificha. Unaambiwa utazame juu, na unatazama juu, na unajua kwamba kinachokuja kinatokea upande usioutazama. Daktari Awiti, mwanamke mrefu wa sauti ya chini, ana mkono mwepesi. Husikii uchungu, unasikia kusukumwa tu. Lakini mimi kila mara nilitoka pale nguo imenilowa mgongoni.

Siku moja alimaliza akainua mkono, akauliza kama kawaida, "Vidole ngapi?" Sikuona vidole. Sikuona mkono wala daktari wala taa. Giza lilikuwa jeusi kuliko la usiku, maana hata usiku mtu huona kitu. Nikasema, "Daktari, nimekwisha." Nilisikia vyuma vikigongana haraka, akanifanyia kitu pembeni mwa jicho, akasema, "Tulia, mum, inarudi." Na kweli ikarudi, kwanza kama ukungu, kisha vidole viwili. Hakuna aliyenieleza ni nini, na mimi sikuuliza, kwa sababu mtu aliyerudishiwa mali yake iliyoibwa haketi kumhoji mwizi. Lakini tangu siku hiyo nilijua giza lenyewe linafananaje, na nikaliogopa kuliko kifo.

Sindano hizo zilisaidia, kisha zikawa hazisaidii. Maji yakawa yanarudi. Mwezi wa Novemba Daktari Awiti akasema tubadilishe. Kulikuwa na dawa nyingine ya nguvu, inayowekwa ndani ya jicho ikakaa humo miezi na miezi ikiyeyuka polepole. "Inafanya poa," aliniambia, "lakini kwa watu wengine inapandisha pressure. So lazima tukuone." Nikasema sawa. Mtu aliyelala chali na kichuma jichoni husema sawa kwa kila kitu.

Na dawa ikafanya kazi, nisiidhulumu. Krismasi ilipofika nilitunga uzi kwenye sindano ya kushonea bila kumwita mtu. Kivuli cha katikati kilitoka. Niliona tena pua ya Kang'ethe, ile iliyopinda, nikamwambia ni heri ningebaki vilevile. Alicheka mpaka akakohoa.

Januari nilirudi Thika kama nilivyoambiwa. Pale mlangoni kuna muuguzi anaitwa Dismas, na kila mgonjwa akifika, kabla ya jambo lolote, Dismas humfunga kile kitambaa mkononi na kupima. Akanipima. Nikaingia kwa Daktari Awiti, akaniweka kidevu kwenye mashine, taa ya samawati ikasogea mpaka ikagusa jicho. Kisha akasema, "Mum, pressure imepanda. Si sana, lakini imepanda. Nakupea drops, utatia asubuhi na jioni, usiskip. Next month urudi tupime tena." Nje foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Nikachukua dawa, nikashukuru, nikatoka.

Sasa niambie wewe. Umepimwa mkono mlangoni, ukaingia ndani ukaambiwa presha imepanda. Utafikiri ni ya wapi? Yale matone nilidhani ni ya kutunza mahali palipochomwa.

Nilipomwambia Kang'ethe, karibu afurahi. Si kwamba ananitakia mabaya, bali kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa wangu uanze alisikia neno analolijua. Yeye mwenyewe ana presha ya miaka. Eddie, mwanetu anayekaa Githurai 45, alimnunulia mashine ya kupimia nyumbani, ile ya kioo chenye namba. Na mume wangu na namba ni kitu kimoja. Kazi yake mpaka alipostaafu ilikuwa kusoma mita za maji. Alizunguka kwenye ploti za watu, akiinama kwenye visanduku vyenye mijusi na matope, na wenye nyumba walipomlilia kwamba maji hayo hawakuyatumia, aliwajibu maneno yaleyale: mtu hudanganya, mita haidanganyi.

Basi akaninyang'anya chumvi. Githeri bila chumvi ni adhabu, lakini nilikula. Kila asubuhi alinifunga kitambaa mkononi kwa heshima kama anayenivisha nguo ya ubatizo, akasubiri upepo ushuke, akavaa miwani. Akina mama wa kanisa wakaja kuniombea, Beth kiongozi wao akiamuru presha itoke kwa jina la Yesu. Na habari mbaya zikapigwa marufuku nyumbani. Kwetu mwenye presha hashtuliwi. Akifiwa huambiwa kwanza kwamba mtu ni mgonjwa, ng'ombe wake akiibwa huambiwa amepotea kidogo. Dada yangu wa Gatuanyaga alilazwa hospitali akatoka, nami nikaja kusikia kwa mpita njia, akishangaa kwamba sikwenda kumwona. Niliporudi nyumbani nikiwa nimefura, Kang'ethe alisema, "Unaona? Ona vile umepanda. Ndiyo maana hatukukuambia."

Haukupita muda akaniita nije nione mwenyewe. "Mia ishirini kwa themanini. Mama Eddie, hii ni presha ya msichana."

"Kwa hivyo imeshuka?"

"Imeshuka na imekaa. Nimesoma wiki nzima."

"Na hii dawa ya matone?"

"Ya nini tena, kama imeshuka?"

Sikubishana. Matone yale yaliwaka kama pilipili, yakashuka kooni na uchungu wa mwarobaini, na jicho likawa jekundu mpaka wateja wakawa wananiuliza jana nilikunywa wapi. Tena kulikuwa na jambo ambalo sikulitamka: kwenda Thika ni kulala chini ya kile kichuma. Namba ya Kang'ethe ilinifungulia mlango wa kutokwenda, nikapita mbio. Chupa ikabaki dirishani jikoni, kando ya kiberiti.

Mvua za Machi zikaja zikapita. Katikati ya jicho langu palikuwa safi. Nilisoma Biblia, nilihesabu vifungo. Kama kungekuwa na maumivu ningejua, lakini hapakuuma hata siku moja.

Wa kwanza kunishtua alikuwa Waceke, mwalimu wa nasari, mteja wangu wa miaka mingi. Alirudi na gauni la buluu nililomwekea mwenyewe kama kamera.

"Ngina, ulinipea hii ukijua?"

"Kwani ina shida gani?"

"Ina tundu."

"Tundu dogo tu kama—"

"Tundu? Hii ni dirisha."

Akalitandaza. Chini ya mkono wa kushoto nguo ilikuwa imeunguzwa na pasi mpaka ikatoboka, alama nzima, kahawia, kubwa kama kiganja. Nililishika gauni lile nikaligeuza. Nilipotazama katikati ya gauni, alama haikuwepo. Nilipogeuza shingo kuielekea, ikatokea. Nikamwomba radhi, nikampa lingine, nikafanya mzaha kwamba nazeeka. Alipoondoka nikaketi juu ya beli.

Baada ya hapo nikaanza kuyaona, au tuseme kutoyaona. Kikombe nilichokigonga kikaanguka kilikuwa mezani muda wote. Mtu alininyooshea mkono wa salamu nikampita, akaenda akisema Mama Eddie siku hizi anajiona. Jioni stima ikiwashwa, balbu ilikuwa na duara la rangi kuizunguka, nyekundu na kijani, duara zuri ajabu, na lilinitia hofu kuliko vyote. Woga wa sindano una saa yake, ukichomwa umekwisha. Huu haukuwa na saa. Nilikuwa napika nao, nalala nao, naamka nao. Asubuhi kabla sijafungua jicho nilikuwa naomba: Mungu wangu, uniwekee la leo tu.

Kwa nini sikumwambia mume wangu? Kwa sababu yeye presha yake ni ya kweli. Daktari wake alimkataza mishtuko. Ningemwambia kwamba jicho lililobaki linazimika, halafu nimzike? Nikanyamaza. Kila asubuhi nilimpa mkono wangu, naye alinisomea namba nzuri, tukanywa chai.

Ilikuwa Jumapili ya Julai, ile baridi yetu ya ukungu, tukitoka kanisani kwa miguu. Tulikuwa tunazungumza juu ya mahubiri, Kang'ethe akilalamika kwamba yalikuwa marefu. Halafu akanyamaza. Bila kugeuza shingo nikamtafuta kwa pembe ya jicho upande wangu wa kushoto, mahali pake, na hakuwepo. Palikuwa na kijivu tu, kama moshi. Nikadhani amesimama nyuma kusalimia mtu. Nikaita, "Baba Eddie." Nikaita tena kwa nguvu, watu wakageuka.

"Kwani unaita nani?" akajibu. Sauti ilitoka kwenye bega langu. Alikuwa amenigusa kabisa, koti lake likisugua koti langu.

Tukaharakisha mpaka nyumbani. Hakuvua koti. Alileta mashine yake, nikamwambia aiweke chini achukue kijiko.

Meza yetu ina kitambaa cha plastiki chenye maua ya manjano. Nikaketi nikatazama ukuta, pale kalenda ilipo. Nikamwambia ashike kijiko upande wa kushoto, mbali, kando ya sikio langu, akisogeze polepole kuja mbele, nami nitasema nikikiona.

"Sasa?" akauliza.

"Bado."

"Sasa?"

"Bado."

"Mama Eddie, sasa?"

"Bado, Kang'ethe. Endelea."

Nilipokiona kilikuwa karibu na pua yangu. Kiliingia ghafla, kama kilichotoka ukutani. Nikageuka nikamtazama mume wangu usoni, pale katikati palipo safi, nikaona kila kitu vizuri mno. Nilimwona akizeeka palepale.

Akaketi. Akasema bila kunitazama, "Yule kijana wa mlangoni kliniki, Dismas, alipiga simu."

Namba iliyo kliniki ni yake, maana simu yangu hupotea chini ya nguo.

"Lini?"

"Kitambo. Amepiga mara nyingi."

"Alisema nini?"

"Alisema hukurudi. Alisema pressure ikikaa juu utakuwa kipofu. Nikamwambia tunapima, iko sawa. Akaniuliza tunapimia wapi. Nikasema hapa kwa nyumba. Akasema nyumbani haiwezi kupimika, lazima uende. Nikaona ni wale wale, wanataka tu watu warudi."

"Na hukuniambia."

"Ungeshtuka. Ukishtuka inapanda. Na ameniambia ikipanda utakuwa kipofu. Ningekuambia aje?"

Nilitaka kumrushia ile mashine. Nilitaka pia kumshika nilie. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote juu ya mke na mume wanaofichana jicho moja, kila mmoja akiogopa kumuua mwenzake kwa habari. Presha ilikuwa imetufunga midomo wote wawili, na ya kwangu haikuwa imepimwa tangu Januari.

Jumatatu asubuhi tulikuwa Thika mlango ukifunguliwa. Dismas aliponiona hakunigombeza, na hilo likanitisha zaidi. Daktari Awiti akaniweka kidevu mahali pake. Taa ya samawati ikaja. Nilimsikia akivuta pumzi. Akapima tena.

"Arobaini na nne," akasema. "Inafaa kuwa chini ya ishirini na moja. Mama, ulikuwa unatia dawa?"

Kabla sijajibu, Kang'ethe akasimama. Alikuwa amekuja na mfuko wa karatasi. Akatoa mashine yake akaiweka mezani kwa daktari, kama shahidi anayeletwa mahakamani. "Daktari, hiyo yako haiko sawa. Leo asubuhi nimempima. Mia ishirini kwa themanini. Ona, iko ndani, imeweka."

Daktari alitazama mashine. Akamtazama mume wangu, kisha mimi. Nilimwona akielewa.

"Hii ni presha ya damu," akasema taratibu. "Hii haina shida. Mimi nilikuwa nasema ya jicho."

"Jicho lina presha?" Kang'ethe akauliza.

"Lina yake. Ndani ya jicho kuna maji yanatengenezwa kila siku, na kuna mahali padogo sana pa kutokea. Ile dawa niliweka, kwa watu wengine inaziba hapo mahali. Maji inaingia, haitoki. Inakaa ikifinya mshipa wa kuonea. Ile siku uliona giza baada ya sindano, mama, ilikuwa hiyo hiyo, ilipanda ghafla nikaitoa. Hii imepanda polepole. Haiumi. Inakula kutoka kando ikija katikati."

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. "Kwa nini hukusema jicho?"

"Nilisema pressure."

"Pressure ni ya mkono. Dismas amenifunga mkono hapo mlangoni, wewe unaniambia imepanda. Ungesema jicho. Neno moja tu."

"Ni kweli," akasema. "Sikusema ya nini."

Kang'ethe alikuwa bado amesimama. Mtu wa mabomba hakuhitaji kuelezwa mara mbili juu ya maji yanayoingia yasitoke. Aliichukua mashine yake akairudisha kwenye mfuko polepole, akakunja mdomo wa mfuko. "Miezi hii yote," akasema, "nilikuwa nasoma mita ya nyumba nyingine."

Niliuliza swali lililobaki. "Kilichoenda kitarudi?"

"Hapana, mama."

"Na kilichobaki?"

"Hicho ndicho tutapigania."

Nilipewa vidonge na matone ya namna tatu, nikayatia yote yakiwaka, nikayashukuru yalivyowaka. Hayakutosha. Ikabidi nilale tena chini ya kile kichuma, safari hii wafungue njia ya maji kutoka. Nilitetemeka mpaka Dismas akaja kunishika miguu. Aliponifunga kitambaa mkononi alisema, "Presha iko juu kidogo," na mimi na Kang'ethe tukauliza kwa pamoja, "Ya wapi?" Hakuna aliyecheka.

Njia ilifunguka. Presha ya jicho ikashuka ikawa kumi na sita. Nilibakiwa na mwanga wa ukubwa wa sahani, na ndani ya sahani hiyo naona vizuri. Nimerudi sokoni. Huligeuza gauni pande zote kama anayekagua mtoto kwa daktari, wenzangu wanapata kamera kabla yangu, na mimi napata zinazobaki. Kang'ethe hakai tena kando yangu. Akikaa kando yangu, hayupo. Siku hizi hukaa ng'ambo ya meza, mbele kabisa, na tukitembea hutangulia hatua moja nimfuate mgongo.

Daktari Awiti alitwambia tarehe za kurudi, na akasema tukiona badiliko lolote tusingoje tarehe. Kwa hiyo mashine ya mkono sasa ni ya Kang'ethe peke yake. Mimi napimwa kwa kijiko. Kila asubuhi baada ya matone natazama kalenda, naye huzunguka meza, akasogeza kijiko juu ya kitambaa cha maua, kutoka pembeni kuja mbele yangu. Nakiona kikifika kwenye ua la pili. Siku zote ni hapo, ua la pili. Akifika hapo husema, "Sasa?" nami husema, "Naona," na chai inamiminwa.

Leo asubuhi alijipima kwanza yeye. Alinificha kioo, lakini nilikuwa nimeketi mbele yake na niliisoma namba: mia na sabini na kitu. Hakuwa amelala vizuri. Kisha akachukua kijiko, akaja upande wangu, nikatazama kalenda.

"Sasa?"

"Bado."

Nilisikia kijiko kikikwaruza plastiki. Nazijua sauti za meza ile. Kilikuwa kimefika kwenye ua la pili.

"Sasa, Mama Eddie?"

Sikuona kitu. Palikuwa na kijivu. Kijiko kikasimama, kikawa kinagonga meza mkononi mwake, kidogo kidogo. Neno "naona" lilikuwa tayari mdomoni mwangu, tamu, jepesi, lenye chai ndani yake. Lingemshusha presha papo hapo. Niliogopa kwa ajili yake na nikaogopa kwa ajili yangu, na sikujua woga upi ni mkubwa.

"Bado," nikasema.

Hakuuliza mara ya tatu. Alikiweka kijiko chini, akameza kidonge chake kwa maji baridi, akaenda kunitafutia viatu vya kwendea Thika.